Mzio Wangu na Mama Zangu Wawili

Fundi Vaofusi aliacha kugonga, akainama, akaninusa paja. Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya mkeka, wasaidizi wake wawili wameivuta ngozi yangu huku na huku, na mke wangu Sieni ananipepea usoni. Watu waliokuwa wakiniimbia walinyamaza. Fundi alinusa tena, akatumbukiza kichana chake cha mfupa cha kuchorea kwenye maji, akamwambia Sieni, "Huyu leo simgusi. Mpelekeni hospitali."

Nikasema niko sawa, aendelee tu.

"Uko sawa wapi? Mguu unawaka kama jiwe la tanuri. Nikiendelea hapa nitakuwa nimekuua kwa mikono yangu."

Kwetu kisiwani Savaii, tatuu ya mwanamume tunaiita pe'a. Inaanzia juu ya kiuno, inashuka mpaka magotini, na mtu haianzi kwa mzaha. Ukiianza lazima uimalize, kwa sababu anayeikimbia katikati, wajukuu zake watakuja kuulizwa habari zake. Mimi mgongo ulikuwa umekwisha, kiuno kimekwisha, paja la kushoto ndilo lilikuwa limeanza. Tena huchorwi peke yako, mnachorwa wawili. Mwenzangu alikuwa Naotala, niliyelelewa naye nyumba moja. Mimi nikikwama, na yeye amekwama.

"Nilikwambia usilale na yule mbwa," Naotala akasema. Alikuwa ameegemea nguzo, anajipaka mafuta kwenye kiuno chake kibichi.

"Sijalala na mbwa."

"Basi mbwa kalala na wewe."

Walinipakia nyuma ya pikapu. Mama Poto, aliyenilea, akapanda mbele na kikapu chake cha magimbi, maana yeye haendi popote ambako huenda watu wakapata njaa. Kila gari liliporuka shimo niliona nyota mchana.

Hospitalini tulipokelewa na Daktari Ailini, binti mwembamba mwenye maneno ya haraka. Aliliangalia paja, akalibonyeza, akachukua kalamu akachora mstari kuzunguka sehemu iliyokuwa nyekundu. "Vijidudu vimeingia kwenye vidonda," akasema. "Dawa yako ni ya jamii ya penisilini, na tuanze leo hii. Una mzio wa dawa yoyote?"

Sijafungua mdomo, Mama Poto akajibu. "Ana mzio wa hiyo hiyo penisilini. Tangu mtoto. Nusura afe."

Ni kweli, ndivyo nilivyokuwa nikijibu maisha yangu yote. Shuleni, kwenye chanjo, nilipong'olewa jino. Mimi Filemoni, nina mzio wa penisilini. Jibu hilo lilikuwa kama sehemu ya jina langu.

Basi nikapewa dawa nyingine. Nikaitapika. Nikapewa tena na chakula, nikaitapika na chakula chenyewe. Kesho yake asubuhi daktari alipofunua shuka, wekundu ulikuwa umeuvuka mstari wake wa kalamu na kupanda kuelekea kwenye nyonga. Homa ilinitetemesha kitanda kikalia.

Daktari alivuta kiti akakaa karibu nami. "Kuna dawa nyingine kali zaidi, lakini hapa kisiwani hatuna. Lazima upelekwe mjini Apia kwa feri, na katika hali hii sitaki uende. Kabla ya hapo, niambie vizuri kuhusu huu mzio. Ulikuwa na umri gani?"

"Mdogo."

"Mdogo kiasi gani?"

"Mdogo tu."

"Ilikuwaje?"

"Nilivimba."

"Unakumbuka?"

"Nakumbuka kuambiwa."

Akatabasamu kidogo. Akanieleza kwamba watu wengi walioambiwa utotoni kuwa wana mzio wa penisilini, wakipimwa ukubwani hawana. Wengine hawakuwahi kuwa nao. Walitokwa na vipele kwa sababu ya homa yenyewe, dawa ikasingiziwa. Wengine walikuwa nao kweli, ukaisha wenyewe miaka ilivyokwenda. Na wachache wanao mpaka leo, na hao ukiwapa dawa wanaweza kufa mbele yako.

"Mimi ni yupi hapo?"

"Ndiyo sijui. Ndiyo maana nakuuliza."

"Kwa hiyo ama sikuwa nao, ama nilikuwa nao ukaisha, ama ninao."

"Umenielewa vizuri."

"Sijakuelewa hata kidogo," nikamwambia, na ilikuwa kweli. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nimekwepa dawa hiyo kama watu wanavyokwepa nyumba yenye mbwa mkali, na sasa naambiwa huenda mle ndani hakujawahi kuwa na mbwa.

Daktari akamgeukia Mama Poto, amweleze kwa utaratibu. Mama Poto alikaa sawasawa. Hadithi hii aliijua kama anavyoijua Sala ya Bwana. Nilikuwa na homa, akasema. Zahanati wakanipa dawa ya maji, ya rangi ya waridi. Hata nyumbani hatujafika nikaanza kuvimba, macho yakaziba, midomo ikawa kama ya samaki, pumzi ikawa inapiga filimbi. Akageuza njia, akakimbia nami mikononi, akakatiza kwenye miamba ya volkano bila viatu mpaka zahanati, wakanichoma sindano. Nyayo zake zilikuwa damu tupu.

"Ilikuwa siku hiyo hiyo aliyoanza dawa?" daktari akauliza.

"Siku hiyo hiyo. Hata magimbi niliyoacha jikoni hayajaiva."

Niliona uso wa daktari umebadilika. Akasema kama ilikuwa hivyo, basi si mchezo.

Hapo Sieni akauliza taratibu, "Na Mama Etevise anasemaje?"

Mama Poto akaanza kupanga magimbi kwenye kikapu, ingawa yalikuwa yamepangika.

Etevise ndiye aliyenizaa. Ni mdogo wake Poto. Alikwenda ng'ambo, Auckland, kufanya kazi, akaniacha kwa dada yake, na huko ndiko aliko mpaka leo. Kwetu hilo si jambo la kushangaza. Watoto wanazunguka kwa ndugu, wanakula huku, wanalala kule, na mwisho wanabaki mahali. Nina mama wawili na sijawahi kumwona mmoja kuwa nusu. Lakini sikuwahi pia kuwauliza wote wawili swali moja kwa wakati mmoja.

Sieni alimpigia simu ya video. Etevise alitokea akiwa kwenye kituo cha basi, amejifunika kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Aliponiona kitandani akaanza kulia, ikabidi tumbembeleze kwanza. Kisha daktari akamuuliza.

"Vipele tu," Etevise akasema. "Vipele vidogo tumboni, siku ya tatu au ya nne ya dawa. Hata havikumwasha. Alikuwa anakimbiza kuku."

"Hakuvimba?"

"Filemoni? Hapana. Nesi alisema tuache dawa kwa usalama, tukaacha."

Mama Poto akaichukua simu. "Etevise, wewe hukuwepo. Ulikuwa umeshaondoka."

"Dada, nilikuwepo. Niliondoka baada ya Krismasi."

"Uliondoka mtoto ana homa."

"Sikuondoka mtoto ana homa."

"Mimi ndiye niliyekimbia naye, Etevise. Miguu ni hii hapa."

"Ulikimbia, ndiyo. Nani amesema hukukimbia? Lakini ulikimbia na Naotala, dada. Siku aliyoumwa na tandu."

Naotala alikuwa dirishani anakula gimbi. Akaacha kutafuna. "Mimi?"

"Wewe, baba. Ulivimba mpaka tukadhani ni mtoto wa mtu mwingine."

"Mama, mimi nimeumwa na tandu?" Naotala akamuuliza Mama Poto, ambaye ndiye mama yake mzazi.

"Wewe umeumwa na kila kitu kilichomo Savaii. Nitakumbuka kipi?"

"Basi huenda mzio ni wa kwangu," Naotala akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameingiwa na hofu.

Daktari akamuuliza kama amewahi kumeza amoksilini, ndugu ya penisilini.

"Kila nikiumia kwenye raga."

Daktari akajifunika macho kwa kiganja, akakaa hivyo kidogo. Basi la Etevise likafika na simu ikakatika.

Mama Poto alichukua kikapu chake akatoka nje. Nilimwacha kidogo, kisha nikamwomba Sieni anishikilie, nikachechemea mpaka kwenye benchi alilokaa. Sieni akarudi nyuma kidogo, akatuacha.

"Nilikubeba," Mama Poto akasema bila kunitazama. "Nakumbuka uzito wako. Naotala alikuwa mzito kama gunia la nazi. Uliyekuwa mikononi mwangu siku ile alikuwa mwepesi. Ulikuwa wewe."

"Nakuamini, mama."

"Huniamini. Unamwamini yeye."

"Simjui wa kumwamini. Kichwa kinazunguka."

Kuku walikuwa wanapekua chini ya benchi, akawatupia kipande cha gimbi. "Kabla ya siku ile ulikuwa unaniita shangazi, unavyosikia watoto wa jirani wakiniita. Tulipotoka zahanati, nimekubeba mgongoni, ukaniita mama. Mimi sikukufundisha. Sasa leo niambiwe siku ile haikuwepo."

Nilikuwa nimekuja kutibiwa mguu. Simu ya Sieni ikalia, akaniletea. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Etevise, na kelele za basi nyuma yake. "Mwanangu, dada yangu ni mtu mwema, amekulea, sina neno naye. Lakini miaka yote hii watu wanajua nilikuacha mgonjwa. Sikukuacha mgonjwa. Ulikuwa mzima. Ulinipungia mkono, ulikuwa na kipande cha mkate. Basi, nilitaka ujue hilo tu."

Nilirudi kitandani nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyotoka. Nilijaribu kukumbuka. Nikafumba macho nikaitafuta ile miamba myeusi, pumzi inayopiga filimbi, mgongo wa Mama Poto. Vyote niliviona. Kisha nikautafuta mkate na mkono unaopunga, navyo nikaviona, safi kabisa, hata siagi juu ya mkate. Homa ilikuwa inanipa kila nilichoomba.

Mchana Daktari Ailini alirudi. Alikuwa ameshauriana kwa simu na mkubwa wake Apia. "Hadithi zenu zimegongana," akasema. "Hata tukichukua ile mbaya, ni miaka mingi imepita. Tunaweza kukujaribu. Nakupa chembe ndogo, tunasubiri. Ukiwa salama, nakupa kubwa zaidi. Sindano ya kukuokoa nitakuwa nayo mkononi na sitaondoka hapa. Lakini siwezi kukuahidi kwamba hakutatokea kitu. Wewe ndiye wa kusema."

Sieni akasema wekundu uliovuka mstari wa kalamu hausubiri mtu. Naotala akasema kama ni yeye angekubali, kisha akasema kama ni yeye asingekubali. Nikamtazama Mama Poto.

"Mimi nilishasema ninalolijua," akasema. Akavuta kiti upande wa pili wa kitanda, akanishika mkono. "Fanyeni. Nitamshika."

Chembe ile niliimeza na funda la maji. Ilikuwa chungu kidogo. Tukakaa. Watu wanne wakinitazama kama maziwa yaliyo jikoni.

"Nawashwa," nikasema.

Daktari alisimama na sindano. "Wapi?"

"Mgongoni."

Nilikuwa na mgongo mzima wa tatuu inayokauka. Yeyote aliyewahi kupona pe'a anajua namna inavyowasha, unatamani kujisugua kwenye mti kama nguruwe.

"Unawashwa kama jana au zaidi ya jana?"

Nikafikiri. "Sijui."

"Ameanza," Mama Poto akasema, akanibana mkono.

"Mimi pia nawashwa," Naotala akasema.

"Wewe hujameza kitu," daktari akamwambia.

"Ndiyo ninachosema."

Daktari aliniinua shati, akanikagua mabega, tumbo, shingo, akanisikiliza kifua. Akakaa tena. Nikahisi midomo imekuwa mikubwa. Nikamuuliza Sieni kama midomo yangu imevimba.

"Ndivyo ilivyo," Sieni akasema. "Nilikupendea hiyo hiyo."

Alisema kwa utani lakini jasho lilikuwa linamtiririka. Dozi ya pili ilikuwa kubwa, na hapo niliogopa kweli. Pumzi zilikuja haraka haraka, nikawa nasikiliza kama zinapiga filimbi. Daktari akanishika mshipa. Akaniambia nipumue naye, ndani, nje, polepole. Nikafanya hivyo. Nilikuwa nautazama uso wa Mama Poto, na sikuelewa anasubiri nini. Mara niliona anasali nisivimbe. Mara niliona kama anavizia uvimbe utokee, ili ulimwengu urudi ulivyokuwa. Labda yote mawili. Labda homa tu.

Hakuna kilichotokea. Tulikaa mpaka kivuli cha mnazi kikaingia wodini, na hakuna kilichotokea. Daktari aliiweka sindano kwenye trei.

"Basi. Huna mzio."

"Sina, au sikuwa nao?"

"Huna leo. Hilo ndilo ninaloweza kukuambia."

"Na mama?"

Alimtazama Mama Poto kwa heshima. "Mama anaweza kuwa sahihi. Inawezekana ulikuwa nao ukaisha. Hutokea sana."

"Nilisema," Mama Poto akasema.

Sieni alimpigia Etevise kumpa habari. "Nilisema," Etevise akasema.

Wote wawili wameshinda, nami sikujua nipongeze nani. Mama Poto aliuachia mkono wangu, akauweka juu ya shuka taratibu kama kitu cha kuazima, akaenda kutafuta chai.

Dawa halisi ilianza jioni ile ile. Baada ya siku chache wekundu ulirudi ndani ya mstari, kisha ukafifia ndani kwa ndani. Kitanda kikaacha kulia. Fundi Vaofusi alikuja kunitazama, akaninusa tena paja mbele ya manesi bila haya, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ngozi ilipokaza akaendelea pale alipoishia. Naotala alilia zaidi yangu, hilo nalisema popote, ingawa yeye anasimulia vingine.

Siku tuliyomaliza, tulisimama bega kwa bega tumepakwa mafuta ya nazi na manjano, ukoo mzima umekaa kwenye mikeka. Etevise alikuwa amekuja kwa ndege. Yeye na Mama Poto walikaa pamoja, wakalia pamoja, wakazozana kidogo kwamba mafuta niliyopakwa yalikuwa machache au mengi mno. Habari za dawa hakuna aliyezigusa.

Watu walipokuwa wanapakua chakula nikamkuta Mama Poto nyuma ya jiko, anafunua majani ya moto kwenye magimbi. Nikachutama karibu naye, kwa shida, maana paja lilikuwa bado linavuta.

"Mama, sasa hatuko hospitali. Sikasiriki kwa jibu lolote. Ni mimi au ni Naotala?"

Alipuliza vidole vyake. "Naotala alivimba. Hilo Etevise kasema kweli. Tandu alikuwa kwenye godoro."

"Kwa hiyo ni Naotala."

"Na wewe ulivimba."

"Wote wawili?"

"Filemoni, nilikuwa na watoto wawili wadogo na mume yuko baharini. Kila nikigeuka kuna mmoja amevimba, ameanguka, ameungua. Nilikimbia kwenye ile miamba mara ngapi sijui. Mara moja ulikuwa wewe. Nina hakika." Akaligeuza mkononi gimbi lililokuwa linatoa moshi. "Nilikuwa na hakika."

Nikataka kumuuliza maana ya neno hilo la mwisho, lakini Etevise alitokea na sinia. "Dada, watu wana njaa," akasema, akachutama naye, akaanza kuokota magimbi kwa ncha za vidole. Poto akamsogezea majani asiungue. Walifanya kazi, vichwa vyao karibu karibu, na kwa nyuma sikuweza kutofautisha yupi ni yupi.

Nikaliinua sinia lilipojaa, nikalipeleka kwa watu.